Boksi la ovaflo linavuja: tafuta chanzo kabla ya kushika silikoni

Wateja wengi wanaotuletea tatizo la boksi la ovaflo la tangi la samaki huwa wameshapaka silikoni nje, kuzunguka nati ya bomba, mara mbili au tatu. Kila safari maji hukata kwa siku chache kisha hurudi. Sababu ni moja: maji yanasukuma kutoka ndani, na silikoni iliyopakwa nje haina kinachoibana ila mshiko wake kwenye kioo. Kioo chenyewe kilikuwa na unyevu ilipopakwa, kwa hiyo mshiko huo haukuwepo tangu mwanzo.

Boksi la ovaflo ni ile chemba iliyo kwenye kona au ukuta wa nyuma wa tangi la samaki. Maji ya juu huingia humo kupitia meno (nafasi zilizochongwa juu ya ukuta wake), hushuka kwenye bomba la wima hadi sampu, yaani tangi dogo lililo chini, na pampu huyarudisha juu. Panapovuja huwa ni mahali pa aina mbili. Kuna maji yanayotoka nje ya mfumo na kufika sakafuni. Kuna pia yanayopenya kutoka tangini kuingia ndani ya boksi kupitia kiungo cha silikoni, na hayo hayaonekani kabisa pampu inapofanya kazi, kwa sababu yanafuata njia ileile ya maji mengine. Huonekana siku umeme unapokatika.

Uvujaji huu wa pili ndio unaodharauliwa, ilhali ndio unaomwaga maji mengi kwa mara moja. Pampu ikizima, maji ya tangi yanapaswa kushuka hadi chini ya meno na kukoma hapo. Kiungo cha boksi kikiwa na upenyo, yanaendelea kushuka polepole hadi yafike usawa wa mdomo wa bomba la wima, au usawa wa upenyo wenyewe ikiwa uko juu zaidi. Tangi lenye urefu wa sm 120 na upana wa sm 50 hubeba lita 6 katika kila sentimita moja ya kina. Likishuka sm 10 kupita kiwango chake, lita 60 zimeingia sampuni. Sampu iliyobakiwa na nafasi ya lita 40 itamwaga 20 zilizosalia sakafuni, na asubuhi mwenye tangi atailaumu sampu.

Kupima ni rahisi. Zima pampu, subiri dakika 15 maji yaache kumwagika kwenye meno, kisha bandika kipande cha tepu kwenye kioo usawa wa maji ya tangi. Rudi baada ya saa moja. Uvukizi wa saa moja hauonekani kwa macho, kwa hiyo maji yakiwa yameshuka chini ya tepu, yamepita mahali. Lakini usiliseme boksi bado. Angalia kwanza mdomo wa bomba linalorudisha maji: ukiwa umezama, pampu ikizima maji hurudi nyuma kwa saifoni (bomba lililojaa huyanyonya yenyewe) hadi mdomo uvute hewa. Uinue juu ya maji, au funga vali ya bomba hilo, urudie kipimo. Yakishuka tena, kiungo cha boksi kina upenyo.

Sasa yale yanayofika sakafuni. Maji huteremka juu ya bomba na kudondoka kwenye sehemu ya chini kabisa, kwa hiyo tone unaloliona mara nyingi liko mbali na linakotoka. Kausha kila kitu kwa taulo, kisha zungushia karatasi ya chooni kwenye nati ya konekta ya tangi (kifaa kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo), kwenye kila kiwiko, vali na yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka). Karatasi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kuifuata. Halafu jiulize yanavuja wakati gani. Yakivuja pampu inapofanya kazi tu, mara nyingi tatizo liko kwenye mabomba ya kushuka, kwa sababu pampu ikizima mabomba hayo hubaki matupu. Yakivuja muda wote, shuku konekta, kwa kuwa boksi hubaki na maji hadi mdomo wa bomba la wima hata pampu ikilala.

Kwa matangi ya maji chumvi, ganda jeupe lililokauka kwenye kiungo linaonyesha njia ya unyevu hata kama hakuna tone. Wakati mwingine si uvujaji, ni matone ya mrushiko yanayokauka. Lifute kwa maji ya moto na uangalie kama linarudi pale pale. Likirudi, kuna upenyo mdogo hapo. Na jasho la kioo baridi halihusiani na haya yote.

Konekta ya tangi

Hiki ndicho kifaa kinachopita kwenye tundu la kioo: kina kola pana, gasketi ya mpira na nati. Kosa tunalolikuta zaidi ya mengine yote ni gasketi kuwekwa upande wa nati. Inatakiwa ikae chini ya kola, na mara nyingi kola huwa upande wa maji. Ikiwekwa upande wa nati, nati inapozunguka huisokota na kuikunja, na maji yanakuwa yameshapita kwenye tundu na kufika kwenye hesi kabla hayajakutana na kizuizi chochote.

Ili kuirekebisha huhitaji kumwaga tangi lote, mradi kiungo cha boksi ni kizima. Ila usikimbilie kukausha boksi huku tangi likiwa limejaa. Boksi likiwa na maji, ukuta wake unasukumwa pande zote mbili. Likikauka, unabeba mzigo wa tangi upande mmoja. Ukuta wa akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) ya mm 6 unaweza kupinda kiasi cha kuachana na silikoni. Punguza maji ya tangi hadi nusu kwanza, ndipo unyonye ya ndani ya boksi.

Fungua nati. Isipokubali, usiongeze nguvu bila kuangalia hesi: konekta nyingine zimetengenezwa na hesi ya kushoto, na kuna watu wamevunja kola wakidhani wanalegeza kumbe wanakaza. Ukiitoa, kwangua kioo kuzunguka tundu kwa wembe mpya, pande zote mbili, hadi ukucha usikwaruze kitu. Tazama ukingo wa tundu. Vipande vidogo vilivyobanduka wakati wa kutoboa ni vya kawaida, na havina shida ikiwa gasketi inavifunika na kubakiwa na kioo laini kila upande. Kipande kikitokeza nje ya gasketi, hakuna kukaza kutakakokiziba. Inahitajika konekta yenye kola pana zaidi.

Weka gasketi mpya. Ya zamani iliyokaa miaka imeshachukua umbo la mahali pake na hairudi tena. Ukitaka iteleze wakati wa kukaza, ipake grisi ya silikoni kidogo sana, si vaselini, kwani mafuta ya petroli huvimbisha mpira wa EPDM ambao gasketi nyingi hutengenezwa nao. Silikoni ya tyubu usiipake kabisa. Ikiwa mbichi huifanya gasketi iteleze na kuchomoka, na ikikauka huifanya konekta isifunguke siku utakapoihitaji. Weka kola katikati ya tundu, ishike isizunguke, kaza nati kwa mkono hadi igome, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana. Basi. Nati iliyokazwa kupita hapo hupasua kola, au kioo.

Hakikisha pia bomba lililounganishwa halivuti konekta upande. Bomba refu la PVC likijaa maji lina uzito, na likining'inia bila kibano hubana gasketi upande mmoja na kuilegeza upande wa pili. Pampu inayotetemesha bomba gumu hufanya kazi ileile polepole. Kipande kifupi cha mpira laini karibu na pampu huumaliza mtetemo huo.

Maji yakitoka ndani ya hesi za bomba, si pembeni ya nati, fungua, safisha, zungusha tepu nyeupe ya hesi mara tatu au nne kuelekea upande wa kukazia. Kiungo cha PVC kilichogundishwa kikivuja hakizibwi kwa juu. Kikate na uunganishe upya. Gundi ya PVC hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki mbili ziwe moja, na haiwezi kuingia mahali palipokwisha kugundishwa.

Kiungo cha silikoni cha boksi

Hapa lazima tangi limwagwe. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokauka, kwa hiyo kiraka juu ya sehemu iliyobanduka ni kupoteza siku tatu. Kiungo chote cha upande ule kinatolewa kuanzia juu hadi chini na kuwekwa upya.

Samaki wahamie kwenye chombo chenye maji yao wenyewe, pampu ya hewa na hita. Midia ya chujio (wanamokaa bakteria wanaosafisha maji) isikaushwe: geuza mpira wa pampu umwage ndani ya sampu ileile, maji yazunguke humo ili bakteria wapate oksijeni.

Kata silikoni ya zamani kwa wembe uliolazwa bapa kwenye kioo. Usiguse silikoni inayounganisha vioo vya tangi lenyewe. Boksi la kona hukutana nayo kwa karibu, na mkato mmoja wa pupa huligeuza tatizo la boksi kuwa tatizo la tangi. Ukimaliza kukwangua, futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, acha ikauke kabisa. Asetoni husafisha kioo vizuri, lakini ikigusa akriliki huitia ukungu na nyufa ndogondogo. Sabuni usitumie.

Silikoni iwe halisi kwa asilimia 100, ile inayotoa harufu ya siki inapokauka, na iwe imeandikwa kuwa inafaa kwa matangi ya samaki. Ya bafuni na jikoni inayojitangaza kuzuia ukungu ina dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huingia majini. Bandika tepu ya karatasi pande mbili za kiungo, ukiacha mm 6 kila upande. Sukuma silikoni kwa mkupuo mmoja usiokatika, pitisha kidole chenye glavu mara moja tu, ng'oa tepu ikiwa bado mbichi. Ndani ya dakika chache uso huanza kufanya ngozi, na ukiugusa hapo utaacha mikunjo ambayo ni njia za maji.

Silikoni hii hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kuingia ndani, takriban mm 2 hadi 3 kwa saa 24. Ganda la nje hudanganya. Sisi hatujazi tangi kabla ya saa 72, na kiungo kinene au chumba chenye hewa kavu tunakipa wiki.

Jaribio linalotutosheleza ni hili: boksi likiwa tupu na kavu, jaza tangi maji ya kawaida kwa hatua, robo kwa robo, hadi chini kidogo ya meno, huku ukitazama kama ukuta unapinda. Laza karatasi kavu sakafuni mwa boksi. Baada ya saa 24 iwe bado kavu. Ukuta wa akriliki ukionekana kupinda, simamisha hapo. Silikoni hushika akriliki kwa udhaifu, na ukuta huo ni afadhali kubadilishwa kwa kioo kuliko kuzibwa kila mwaka.

Maboksi ya kuning'inia

Haya hutundikwa kwenye ukingo wa tangi lisilo na tundu, na bomba la U huvusha maji juu ya ukingo huo. Yana shida yake. Mara nyingi maji yakifika sakafuni boksi halijavuja popote; viputo vimejikusanya kwenye bomba la U, saifoni imekatika, na pampu imeendelea kujaza tangi hadi likamwagika. Safisha bomba la U, hakikisha maji yanapita kwa kasi ya kutosha kubeba viputo, na weka maji ya chemba ya pampu iliyo sampuni yawe machache kiasi kwamba hata yakipanda yote tangi litayabeba. Boksi la akriliki lililopasuka kwenye kiungo huzibwa kwa gundi inayoyeyusha akriliki, likiwa kavu.

Pale ambapo hatuzibi

Ufa wowote unaoanzia kwenye tundu la konekta. Silikoni huzuia maji, haizuii ufa kutembea. Usikaze nati, usijaribu kuupaka kitu. Shusha maji hadi chini ya tundu siku hiyohiyo. Kulingana na kioo, tunabandika bamba la kioo kutoka ndani na kulifunga tundu kabisa, au tunakataa kazi na kushauri tangi libadilishwe.

Ukitaka tulitazame, tutumie vipimo vya tangi, unene wa kioo, kama boksi ni la kioo au akriliki, maji ni chumvi au baridi, na picha mbili: moja ya konekta kutoka chini, nyingine ya boksi kutoka juu pampu ikiwa imezimwa. Tuambie pia matokeo ya karatasi na ya tepu. Wakati unasubiri fundi, punguza maji ya tangi hadi chini ya meno, zima pampu ya kurudisha, na weka hita na pampu ya hewa ndani ya tangi lenyewe. Hita iliyoachwa sampuni haitawafikia samaki, na sampu ikipungukiwa maji hita hupasuka.