Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma Kuhusu Chuo Chetu cha Biashara

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu nafasi ya chuo chetu cha biashara katika orodha za ubora kitaifa, jambo ambalo wazazi wa Ujiji, Kasulu na Kibondo hulijadili kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wanapoamua kama mtoto asome hapa au apande treni kwenda Dodoma ama Dar es Salaam.

Wapo wanaodhani jengo jipya na geti zuri vitatupandisha. Lakini Webometrics, orodha inayopanga vyuo kwa ubora na iliyoanzia Uhispania mwaka 2004, haipimi majengo wala geti. Hutazama zaidi tovuti ya chuo na jinsi tafiti zake zinavyonukuliwa. Jengo jipya lina faida zake, ila katika orodha hiyo halitusogezi.

Kitakachotusogeza kipo Kibirizi, kwenye mwalo wetu wa Ziwa Tanganyika. Pale mwaloni mama anamuuzia dagaa wakavu mfanyabiashara wa Burundi au Kongo, analipwa kwa faranga au dola, na bei ya kubadilisha fedha wanakubaliana papo hapo wakiwa wameegemea gunia. Mwanafunzi wetu wa uhasibu, saa hiyohiyo, anakokotoa mizania ya duka la kubuni la Kariakoo. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, na utaratibu wa Jumuiya unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizoorodheshwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuthibitisha bidhaa imetoka nchi gani. Ni wangapi mwaloni wanaokitumia, na wasiokitumia wanakwama wapi? Mhadhiri atakayelijibu swali hilo kwa takwimu atanukuliwa hadi Nairobi, maana wenzake wa Dar es Salaam hawana mwalo huo dirishani.

Chuo, hata hivyo, hakina uwezo wa kuiagiza bandari, forodha wala halmashauri itoe takwimu za mizigo. Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Ukiwakutanisha wote hao na chuo, wataandikiana makubaliano, na mwanafunzi aliye mafunzoni kwa vitendo hataishia kutumwa fotokopi na chai.

Tusisahau pia mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ambayo kwa maoni yangu mwajiri huitazama kuliko orodha yoyote. Wahasibu wa halmashauri wenye CPA, sifa ya juu ya uhasibu itolewayo na bodi hiyo, wangeweza kuombwa kuwafundisha wahitimu wetu jioni, kwa posho ndogo.

Ninaomba suala hili liingizwe katika ajenda za kikao kijacho cha Kamati, na mkuu wa chuo aalikwe akiwa na orodha ya tafiti anazopendekeza kuanza nazo.

Wako mtiifu,
Mzazi na mfanyabiashara, Mwanga, Kigoma