Mumbi, hiyo LDL si ya mutura

Sasa Mumbi,

Nimeona picha ya majibu ya damu uliyonitumia na nikaskiza ile voisi yako yote, mpaka pale mwisho umeanza kutusi maisha. LDL, ile kolestro mbaya, 5.6! Na wewe ndio mtu wa kukimbia Karura kila Jumamosi, mtu wa sukuma na ndengu, mtu huniangalia vibaya nikisimama kula mutura, ile soseji ya matumbo, pale steji. Yangu mwaka jana ilitoka 2.8 na unajua venye mimi hukula. Kwa hivyo naelewa unaskia umeonewa, na ukweli ni kwamba umeonewa, lakini si na daktari wala si na yule mama wa chapo.

Huku lab tunaona majibu kama hayo, mtu mwembamba, hanywi, halafu mashine inatoa namba unarudia kupima mara ya pili juu huamini. Shida ni watu wanadhani kolestro yote inatoka kwa sahani. Mwili wako wenyewe, ini likiwemo, ndio unatengeneza sehemu kubwa, kama robo tatu hivi, na ukila mingi kwa watu wengi ini linapunguza yake. Ndio maana yai moja lina karibu miligramu 180 za kolestro na jamaa anakula boilo mbili na kachumbari kila asubuhi na damu yake iko sawa. Hata Wamarekani, mwongozo wao wa chakula wa 2015-2020 ulipotoka ile mpaka ya miligramu 300 kwa siku ikaachwa. Na kuna ule utafiti wa daktari Mmarekani George Mann kwa Wamaasai huko Tanzania, miaka ya 60, watu wa maziwa na nyama na kolestro yao ilikuwa chini. Wapenda choma wa soko la Burma hapa Nairobi wanaipenda hiyo stori sana, wanasahau wale walikuwa wanatembea na ng'ombe kutwa nzima, si kukaa kwa jam ya Mombasa Road.

Sasa kwako. Ini lina vipokezi vya kuvuta LDL kutoka kwa damu, chukulia ni lori za taka za mtaa. Kuna watu wanazaliwa jeni moja ya hivyo vipokezi imeharibika, ya baba au ya mama, kwa hivyo lori ni nusu, na taka inabaki barabarani hata kama nyumba yako haitupi kitu. Wanasayansi wa Amerika, Brown na Goldstein, ndio waligundua hivyo vipokezi na wakapewa Nobel 1985. Si ugonjwa wa nadra, ni kama mtu mmoja kwa kila 250, na wengi hawajui. LDL ikipita 4.9 daktari anafaa kuanza kuuliza maswali ya familia. Sisemi ni hiyo lazima, kwanza waambie wapime pia thairoidi, ile tezi ya shingoni, juu ikilala nayo inapandisha LDL.

Lakini Mumbi, mzee wenu alianguka akiwa na miaka 43. Watu wakasema presha, wengine ni ile kesi ya shamba, shangazi yako mpaka leo anasema ni mkono wa mtu. Na anko wako wa Nyeri naye? Hiyo ndio kitu ilinifanya niandike yote hii badala ya kukutumia emoji. Mwambie daktari hiyo historia vile iko, na miaka yao.

Chakula bado iko na kazi, usiniskie vibaya. Mafuta ya kuganda, ya nyama, siagi, na yale ya mkebe ya kupikia, yanafanya ini lipunguze hata zile lori zimebaki. Maharagwe, ndengu na oti zinasaidia kidogo. Ila mtu wa jeni kama hiyo akila kama malaika bado namba itashuka kidogo tu, na hapo ndio unaingia uongo wa mitandao, mara ndimu na kitunguu saumu, mara mbegu gani sijui. Sijaona hizo zikitoa mtu 5.6.

Hiyo statini, dawa ya kolestro daktari alitaja, si sumu, na hiyo maneno ya ati ukianza huwezi acha, basi usiache. Ilianza na Mjapani anaitwa Akira Endo, aliitoa kwa ukungu miaka ya 70. Inabana ini lisitengeneze sana, ini likiona limepungukiwa linatoa vipokezi zaidi, damu inasafishika. Misuli ikiuma sana rudi useme, usijiachie mwenyewe. Na kama mnapanga mtoto mwingine mwambie daktari mapema kabla ya kumeza, hiyo ni lazima.

Kama ni ya kurithi, kila ndugu yako ana nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na pia mtoto wako Tash. Mtoto hupimwa akiwa bado hajafika miaka kumi, ni damu kidogo tu, mlete huku mimi ndio nitamtoa asilie. Anayenisumbua ni bro wako, ako na 39, anavuta, na sigara ikikutana na hii kitu ni mbaya sana. Mpigie leo kabla aende safari ya Mombasa na hiyo trela. Akianza zile zake za "mimi niko fiti" nitumie namba yake mpya, nitaongea naye mimi.

Wako,
Atieno