Kombo, kabla hujafungua geti

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Ndugu yangu Kombo,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia Alhamisi. Niliisoma kimya kwanza, kisha nikamsomea mama watoto kwa sauti, naye akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia. Maonyesho ya biashara ya siku tatu pale viwanja vya Tangamano, Tanga, na kazi wamepewa ninyi mlioanza na maturubai manne na spika mbili za kukodi! Mfikishie shemeji pongezi zangu. Najua ni nani alishika daftari la hesabu miaka yote hiyo.

Unasema hujalala vizuri tangu usaini mkataba, na unaniuliza, mimi niliyeishi jirani na uwanja wa mpira miaka yote hii, mpira umenifunza nini kitakachokufaa. Nimelifikiria swali lako siku tatu.

Nianze na siku ambayo wenye mpira wenyewe waliteleza, maana ndiyo iliyonifunza zaidi. Mei 8, 2021, Jumamosi, mwishoni mwa Ramadhani. Simba na Yanga kwa Mkapa, saa 11 jioni. Nilikuwa mzunguko tangu mchana, nimefunga, tende tatu nimezikunja kwenye leso. Tukiwa tumeshakaa zikaja habari kwamba mechi imesogezwa hadi saa 1 usiku. Agizo limetoka wizarani, TFF, shirikisho la mpira, wakalitangaza, siku ile ile ya mechi. Yanga wakashika kanuni: muda ukibadilishwa, timu ziarifiwe angalau saa 24 kabla. Wakaja kwa saa iliyotangazwa mwanzo, wakapasha misuli, wakapanda basi lao wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya. Timu mbili zimefika uwanja mmoja, siku moja, na hazikukutana. Tukatangaziwa kwamba mechi imeahirishwa. Mechi ile ilikuja kuchezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0, lakini mimi nakumbuka zaidi yule mzee wa pembeni yangu aliyesema ametoka Morogoro alfajiri. Hakumtukana mtu. Alikunja kofia yake, akauliza tu basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Sikukumbushi hayo ili tubishane nani alikuwa na haki. Hilo tulishalibishania kwa simu hadi salio likaisha. Nataka umwone yule mzee. Saa uliyoiandika kwenye tangazo ni ahadi, na aliyeilipia kwanza ni yeye, kwa nauli yake na kwa siku yake. Ukiibadilisha asubuhi ya tukio, hata ukiwa na sababu nzito, umeshamdhulumu.

Mwaka jana nilialikwa kwenye kongamano la wafanyabiashara hapa mjini. Kadi iliandikwa saa 3 asubuhi. Tulianza saa 5 na nusu kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Watu walioacha maduka yao tulikaa tukitazama maua ya plastiki mezani, na mada ya mikopo, ambayo ndiyo iliyotuleta, ikakatwa ikabaki dakika kumi. Nakuomba sana, Kombo, wewe usifanye hivyo. Mpira unaanza jukwaa kuu likiwa tupu au limejaa. Fungua mabanda kwa saa uliyotangaza, watu wauziane, na mgeni rasmi akifika apokewe kwa heshima zote akikuta biashara inaendelea. Nadhani hata yeye atapenda zaidi.

Sasa, kwa nini mechi huweza kuanza kwa wakati wakati kongamano linashindwa? Watu wa majukwaani hatuoni kikao cha kabla ya mechi. Kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, anakaa mezani na waamuzi, viongozi wa timu zote mbili, polisi, daktari, wenye uwanja. Wanaweka jezi mezani, za wachezaji wa ndani na za makipa, waone kama rangi zinagongana. Wanakubaliana timu zifike saa ngapi, zitoke vyumbani dakika ipi, gari la wagonjwa lisimame wapi. Ukiyasikia mambo yale utadhani ni madogo mno kwa watu wazima kukaa kuyajadili. Lakini mtu akizimia dakika ya 30, hakuna anayeuliza gari liko wapi. Fanya kikao hicho wewe pia, siku moja kabla, na asikose fundi umeme, wala mama wa chakula, wala kijana wa maegesho. Usiwaite wakubwa peke yao.

Kisha mtazame kocha. Filimbi ikilia, amefungiwa ndani ya mistari ya benchi la ufundi. Haruhusiwi kugusa mpira. Anaweza kupiga kelele, lakini katika uwanja wenye watu elfu sitini winga wa upande wa pili hamsikii. Kilichobaki kwake ni mapumziko ya dakika 15 na wachezaji wachache wa kubadilisha. Kazi yake kubwa ameshaimaliza mazoezini wiki nzima. Nakufahamu, ndugu yangu: wewe ndiye utakayeshika nyaya, ubebe viti, ujibu simu, na umgombeze mshereheshaji, vyote kwa pamoja. Wapange vijana, wafundishe, kisha simama pembeni uwaone wote. Ukiinama kufunga turubai, nani anaona geti?

Na usimalize akiba mapema. Unakumbuka robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica, tulivyokesha kwa yule jirani mwenye jenereta? Bila bila hadi dakika 120, na pale mwisho kabisa kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, akamtoa kipa Jasper Cillessen, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti. Watu wakadhani amechanganyikiwa. Krul akapangua mbili, Uholanzi wakapita 4-3. Lile halikuwa wazo la ghafla. Krul aliandaliwa kwa kazi hiyo tangu kabla ya mechi. Ninamlaumu kocha kwa jambo moja tu: Cillessen hakuambiwa, akatoka kwa hasira mbele ya dunia nzima. Mtu wako akijua mapema kwamba kuna saa utampumzisha, atakupa moyo wake wote hadi saa hiyo. Siku nne baadaye, nusu fainali na Argentina, ikafika tena kwenye penalti. Safari hii wachezaji watatu wa akiba walikwishaingia, na kanuni za wakati ule ziliruhusu hao watatu tu. Krul akabaki benchi anatazama. Argentina wakashinda 4-2. Kocha yule yule, kipa yule yule, ila mkono mtupu. Kwa hiyo weka pembeni jenereta moja, watu wanne waliolala vizuri na fedha kidogo ambazo hata shemeji hazihesabu kwenye bajeti, na usiziguse siku ya kwanza.

Nimeacha geti mwisho kwa sababu ndilo linaloninyima mimi usingizi. Umeandika kwamba uwanja mzima utauzungushia mabati na watu wataingilia upande mmoja ili tiketi zisipotee. Naelewa hofu yako ya tiketi. Lakini nisikilize.

Aprili 15, 1989, katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, Liverpool walikuwa wanacheza na Nottingham Forest. Mashabiki walisongamana nje kwenye milango michache myembamba. Polisi wakafungua geti kubwa la kutokea ili kupunguza msongamano, na hilo peke yake lingeweza kuwa jema. Ila hakuna aliyeziba njia ya chini iliyokwenda moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati, sehemu za mashabiki wa kusimama zilizozungushiwa uzio, ambavyo tayari vilikuwa vimefurika. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Mechi ikaanza saa 9 kamili kama ilivyopangwa. Watu 97 walikufa kutokana na siku ile. Kamanda aliyekuwa na mamlaka alipewa kazi hiyo wiki zisizofika tatu kabla, na siku ile ile akasema mashabiki ndio waliovunja geti. Wazazi walipigana na uongo huo hadi 2016, baraza la mahakama liliposema mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27, Kombo, mtu anamlilia mwanawe na huku anamtetea.

Wala usiseme hayo ni ya Ulaya na ya zamani. Januari 24, 2022, Olembe, Yaoundé, Cameroon wakicheza na Komoro kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, watu walielekezwa kwenye geti ambalo lilikuwa limefungwa. Wanane hawakurudi nyumbani. Mechi ikachezwa, 2-1, na wengi ndani hawakujua.

Kwa hiyo lile nililokwambia la kuanza kwa wakati lina ruhusa moja tu ya kuvunjwa: watu wakisongamana nje. Hapo simamisha kila kitu, hata kama mgeni rasmi amekwishashika mkasi wa utepe. Toboa mabati sehemu tatu za kuingilia na nyingine za kutokea, za kutokea zisitiwe kufuli hata dakika moja, na kila moja iwe na mtu mwenye redio na ruhusa yako ya kufungua bila kukupigia simu kwanza. Mtaje kwa jina kwenye kile kikao, wote wamsikie. Na likiharibika jambo, useme wewe, siku ile ile, kama lilivyo. Tiketi chache zikipotea nitakusaidia kulipa, wallahi.

Mama watoto anasema nimekutisha vya kutosha, nikuache. Nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda basi la alfajiri siku mbili kabla, nifike tukague uwanja kukiwa bado na mwanga. Nasikia umeniandikia kiti meza kuu. Mpe mwingine, mimi niweke kwenye geti lile la upande wa barabara ambako watu watakuwa wengi, unipe na redio. Chakula cha mchana shemeji anajua nipendacho.

Wasalimie wazee wote na watoto.

Nduguyo,
Salimu