Friza ya sato, siyo katuni za Kulwa

Nansio, Ukerewe
16 Machi 2025

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku kisiwani. Nilifika salama, na ule mchele ulionifungia tumeshaupika. Barua hii nampa jirani anayevuka na meli kesho asubuhi, maana ina hesabu, na kwenye simu tungepotezana.

Tangu niondoke kwako Igogo, Mwanza, sina raha. Jioni ile LUKU, mita yako ya umeme wa kulipia kabla, ilipoanza kulia ukazima runinga, Kulwa akaenda kulala na machozi. Ukaniambia umeme wa elfu ishirini siku hizi unaisha siku ya kumi na tatu. Nikiwa melini nilitoa daftari nikakaa na jambo hilo mpaka tunatia nanga.

Elfu ishirini ya kwanza ya mwezi ikishakatwa kodi ya jengo, 1,500, inabaki 18,500. Uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356, kwa hiyo unapata uniti 52. Ukizigawa kwa siku kumi na tatu, nyumba yako inakula uniti 4 kwa siku.

Sasa tutafute zinakokwenda. Runinga ya inchi 32 kama yako hutumia wati 50 hivi. Ikiwaka saa sita ni uniti 0.3, shilingi 107 tu. Pasi ya sare za shule, weka 0.3 nyingine. Zile globu nne za njano alizoacha mpangaji aliyetangulia ni wati 60 kila moja, na zikiwaka saa tano zinakula uniti 1.2. Mara nne ya runinga, Mama Kulwa! Weka za LED za wati 9, na zote nne kwa saa zilezile hazifikishi hata 0.2. Kwa mwezi umeokoa uniti 30, karibu shilingi 11,000.

Kwa globu za njano za sasa, hapo tumefika 1.8. Zilizobaki, 2.2, sioni pa kuziweka isipokuwa kwenye friza ya sato, hao samaki unaouza.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka jana friji yangu ilijaa barafu ukutani mpaka droo haifunguki. Usiku mmoja nilizima vyote nikaiacha yenyewe, nikasoma mita saa kumi na mbili jioni na tena saa kumi na mbili asubuhi: uniti 1.3 zimekwenda. Fundi akabadilisha mpira wa mlango. Nikapima tena vilevile, ikawa 0.8. Friji ni ileile, na vilivyokuwa ndani ni vilevile.

Naomba na wewe upime. Kwanza bana karatasi ya daftari kwenye mlango wa friza, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, baridi inapita hapohapo. Izungushe pande zote, hasa ile kona ya kushoto niliyoona inatoa jasho. Halafu friza yenyewe isogeze. Umeiegemeza ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta kuna lile jiwe kubwa linalopigwa na jua mchana kutwa. Usiku nililigusa, bado lina moto. Friza inatoa joto lake kwa nyuma, sasa litakwenda wapi? Ihamishie upande wa sebule, uache nafasi ya kiganja nyuma yake. Na samaki ukitoka nao mwalo wa Kirumba, waingize wote kwa mara moja, usifungue kila dakika kumi.

Biashara ya sato usiiache, ndiyo inayosomesha watoto. Ila ikumbuke kwenye bei. Uniti 2.2 ni shilingi 780 kila siku, na sijakusikia hata mara moja ukizihesabu unapopanga bei ya samaki. Tena matumizi yako yangekuwa hayazidi uniti 75 kwa mwezi, ungekuwa kwenye kundi la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, badala ya 292. Kwa friza hiyo sidhani utafika huko, lakini 120 za sasa ni nyingi mno.

Pima usiku wa Ijumaa, watoto wakishalala. Namba mbili, ya jioni na ya asubuhi, ziandike nyuma ya barua hii umpe jirani. Anarudi Jumamosi kwa meli ya mchana, nami nitakuwa gatini namsubiri.

Nisalimie Kulwa na Doto.

Wako,
Mama Rehema