Barua ya wazi kwa binamu asiyeutaka mwisho wa The Producers

Binamu,

Salaam. Unadai filamu ya Mel Brooks ya 1967 ingeishia palepale ukumbini, watazamaji wakivunjika mbavu, na kwamba yanayofuata ni kujazia dakika tu. Nakujibu hadharani maana kwenye kundi la familia umeshapata wafuasi.

Shika hesabu kwanza. Max Bialystock, mtayarishaji wa michezo ya jukwaani, na mhasibu wake Leo Bloom wameuza asilimia 25,000 ya mchezo mmoja wa jukwaani. Yaani wameuuza mara 250, na wanunuzi ni bibi vizee ambao Max amewalaghai kwa mahaba. Mchezo ukidoda, hakuna atakayeulizia pesa zake. Ukileta faida, kila mmoja atadai fungu ambalo halipo. Ndiyo maana walitafuta mchezo wa kumsifu Hitler, wakiwa na hakika utazomewa. Watu wakaona ni dhihaka, wakacheka, na kicheko kile kwao kikawa msiba. Ukikatia hapo unabaki na matapeli walioponzwa na bahati nzuri. Inachekesha, lakini hao watu wawili bado hatujawamaliza.

Kulipua kwao ukumbi kwa baruti ili kuuzima mchezo, hadi wakakamatwa, sikutetei. Kelele nyingi, kicheko haba. Ila mahakamani, wote wakiwa na bendeji, Leo anainuka kumsemea Max: huyu ni rafiki yake, ndiye aliyembadilishia maisha. Na ni Leo yuleyule ambaye mwanzoni, akishtuka kidogo tu, anapapasa kipande chake cha blanketi la buluu kama mtoto. Max naye anamhakikishia hakimu kwamba wamekoma.

Wamekoma wapi! Gerezani wanaandaa mchezo mwingine, Prisoners of Love, na hapo ndipo nakuomba uangalie nani anafanya kazi gani. Max anasimamia mazoezi. Anayeuza hisa kupita kiasi, kwa wafungwa wenzake na hata kwa mkuu wa gereza, ni Leo. Yule mwoga wa madaftari! Gene Wilder, mwigizaji wa Leo, anaicheza sehemu hiyo bila chembe ya haya, kana kwamba hajawahi kutetemeka maishani mwake.

Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, walipoigeuza filamu hii kuwa mchezo wa nyimbo mwaka 2001, waliwapa mashujaa wetu msamaha wa gavana. Ukazoa tuzo 12 za Tony, zile za michezo ya jukwaani, sikatai. Lakini mimi nawataka wabaki ndani, Leo akiendelea kupokea pesa za mkuu wa gereza.