Lori limelala miaka saba? Usianze na mashine, wala rangi

Karibu kila mwenye lori la zamani akiingia hapa gereji kwetu Msamvu, Morogoro, huanza na maneno yale yale: "Fundi, mashine inawaka." Tunashukuru. Lakini hakuna trafiki atakayekusimamisha ili asikilize mashine yako inavyonguruma. Atazunguka gari akiangalia matairi, atasimama nyuma na kukuambia ukanyage breki, atataka indiketa, kisha bima. Mkaguzi wa magari naye ataingia chini na tochi. Ndiyo maana lori lililolala muda mrefu tunalishughulikia kwa mpangilio ambao wateja wengi hawaupendi: karatasi, chasisi (fremu ya chuma inayobeba gari zima), breki, halafu ndiyo mashine. Rangi ya mwisho.

Tuwape mfano wa kazi tuliyoitoa juzi. Ni Fuso ya ekseli mbili, injini 6D14, iliyolala miaka saba chini ya mwembe huko Turiani. Enzi zake ilibeba miwa, baadaye mpunga, mpaka pampu ya dizeli ilipoanza kusumbua ikaegeshwa "kwa muda". Mwenyewe, mzee mstaafu, alishaipeleka kwa mafundi wengine wakaipiga rangi ya buluu ya kumeremeta na kuifunga betri mpya. Ikawaka, akalipa. Kwetu ilifika ikiburuzwa, kwa sababu pedali ya breki ilizama hadi chini na gurudumu moja la nyuma lilikataa kuzunguka.

"Shikamoo mzee. Kadi ya gari unayo?"

"Marahaba. Ipo, ila ina jina la yule aliyeniuzia. Tulikuwa tunaaminiana."

Kuaminiana huko tumekuona kukizaa shida nyingi kuliko gia mbovu. Umiliki haukuhamishwa TRA, kwa hiyo kwa serikali lori bado ni la mtu mwingine. Bahati nzuri muuzaji yu hai, anaishi Dumila. Wakaandikishana mkataba wa mauziano, kila mmoja na TIN yake, mambo yakaenda. Angekuwa ameshafariki, ingebidi familia yake iwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama kwanza, na lori lingeendelea kukaa juani likisubiri. Tafadhali malizeni hili kabla hamjanunua hata nati moja.

Jambo la pili la karatasi ni namba ya chasisi. Kwenye hii Fuso imegongwa ubavuni mwa reli ya kulia, yaani chuma kirefu cha upande wa kulia wa chasisi, karibu na gurudumu la mbele. Tulipoitafuta tukakuta kipande cha bati kimechomelewa juu yake. Fundi wa zamani alikuwa anaziba kutu, hakuwa na nia mbaya. Tulikitoa taratibu kwa jiwe la kukatia, tukasugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, namba ikajitokeza moja moja mpaka ikatimia, sawasawa na kadi. Namba ya injini ndiyo haikulingana. Mashine ilishabadilishwa, na hakuna aliyekwenda kuirekebisha kwenye kadi. Kubadili injini si kosa, mradi uwe na uthibitisho wa ulikoinunua na mabadiliko yaingie kwenye kumbukumbu za TRA. Ukinyamaza, siku ya ukaguzi utajieleza kama mwizi ilhali ni gari lako.

Tukaingia kwenye chasisi. Reli ya kushoto ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, palepale hanga (kishikio) ya springi ya nyuma inaposhikia. Hapo ndipo malori ya mizigo hupasuka, maana ndipo uzito unapotua. Mzee akasema, "Si mchomelee tu?" Reli za chasisi si bati la geti. Ni chuma kilichoandaliwa kiwe kigumu na bado kiweze kunesa kidogo, na moto wa kuchomelea ovyo unakilainisha pembeni mwa weldi. Utaziba ufa leo, kesho utatokea mwingine inchi mbili mbele. Sisi tulitoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, tukatengeneza kiraka cha chuma cha unene wa kutosha kinachopita mbali na ufa pande zote, kikafungwa kwa bolti ngumu kwenye ubavu wa reli. Mdomo wa juu na wa chini wa reli hatuutoboi.

Sasa breki, ambazo zilikula siku nyingi kuliko kazi nyingine zote.

Fuso hii inatumia upepo na mafuta kwa pamoja. Kompresa inajaza mitungi upepo. Ukikanyaga pedali upepo unasukuma busta, busta inasukuma mafuta mpaka kwenye silinda za magurudumu. Kwa hiyo ina namna mbili za kuharibika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kwa miaka saba yaligeuka maji ya kahawia. Tulipofungua dramu ya lile gurudumu lililogoma, lainingi, vile vipande vinavyoibana dramu gari lisimame, zilikuwa zimegandana nayo kwa kutu, na pistoni za silinda hazikusogea hata kwa nyundo ya mpira. Silinda zote zikabadilishwa pamoja na raba na hosi, na mafuta yote yakamwagwa. Kubadili silinda ya gurudumu moja tu kwa sababu ndilo lililogoma ni kujitafutia gari linalovuta upande mmoja mtelemkoni. Na vijana wa gereji, vumbi la lainingi za zamani msilipulize kwa upepo: nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesheni, futeni kwa kitambaa, kitupeni.

Kwenye upepo tuna kipimo chetu cha kienyeji. Tunajaza mpaka mshale wa geji ya upepo upande juu, tunazima mashine, tunakwenda kunywa chai. Tukirudi, mshale uwe pale pale. Siku ya kwanza kikombe hakijaisha mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Maji ya sabuni yakaonyesha povu chini ya mtungi mmoja, umeliwa na kutu kutokea ndani kwa sababu dereva hakuwahi kufungua kile kibomba cha kumwagia maji. Mtungi wa upepo hauchomelewi viraka. Tuliagiza mwingine kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, ukaja na basi.

Matairi yalimuuma mzee kuliko yote, kwa kuwa kashata (meno ya tairi) zilikuwa bado nene. Tukamwonyesha tarakimu nne ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT: 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Ukilikunja ubavu kwa mkono, nyufa zinafunguka kama udongo wa shamba la mpunga mwezi wa Oktoba. Tairi la namna hiyo likibeba mpunga kwenye lami ya saa saba mchana litapasuka, na la mbele likipasuka usukani haukusikilizi tena. Rimu zake ni zile zenye pete ya chuma inayolishikilia tairi, basi tulipofunga mapya tulijaza upepo ndani ya kizimba cha chuma. Pete ikichomoka inaua.

Mashine yenyewe, kwa maringo yote, ilitaka kusafisha tenki la dizeli lililojaa utando, filta, nozeli na pampu kwenda kupimwa. Moshi mweusi ukapungua. Kazi yote ya mashine ilikula siku tatu tu.

Neno kuhusu uzito, kwa sababu mzee alitaka tumwongezee majani mawili ya springi "ili ibebe zaidi". Tulikataa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi mapacha, na hapo hapo hutakiwi kuvuka uzito ambao mwenye kiwanda aliliundia gari. Mizani ya Mikese haihesabu majani ya springi. Kilichomsaidia ni kupunguza bodi: ile ya zamani ilikuwa ya mbao nzito zilizopachikwa mbao nyingine juu yake, na kila kilo ya bodi ni kilo ya mpunga iliyobaki shambani.

Taa, wipa, honi, vioo, raba za tope, reflekta nyeupe mbele na nyekundu nyuma, pembe tatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake uko kwenye kijani: hivi ni vya bei ndogo na ndivyo vinavyosimamisha watu wengi. Waya tulisuka upya wote, panya walishakula. Baada ya hapo ndipo ukaguzi wa polisi, bima ambayo mteja anaihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, asije akauziwa karatasi, na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa kuwa atabeba mizigo ya watu kwa malipo.

Mnatuuliza bei kwa simu. Hatutaji bei ya lori lililolala kabla ya kufungua dramu zote na kupita chini ya chasisi kwa brashi ya waya. Ukaguzi huo ni nusu siku, na tunakupa orodha kwa maandishi. Kuna wakati orodha hiyo inasema liuze chuma chakavu, na tutakwambia hivyo hivyo.

Kabla hujaliburuza kuja, tutumie picha hizi: kadi ya gari mbele na nyuma, namba ya chasisi ilipogongwa, tarakimu za matairi, na reli pale springi za nyuma zinaposhikia. Wiki ijayo tunapanda Dakawa na Turiani kuangalia malori mawili, na gari letu la kazi lina nafasi ya kusimama njiani. Mzee wa Fuso ya buluu keshasema chai iko kwake.