YAH: MALALAMIKO KUHUSU HITA YA SOLA MLIYONIFUNGIA ISAMILO

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari mafundi wenu walinifungia hita ya maji ya sola hapa Isamilo, Mwanza: tenki la lita 150 lenye koili ya umeme ya akiba kwa siku za mawingu. Muuzaji wenu alinihakikishia kwamba jua la huku likiwaka mchana, maji yatakuwa moto hadi kesho yake asubuhi. Jua linawaka, na jioni maji yanaunguza kabisa. Ikifika alfajiri, watoto wanapojiandaa kwenda shule, yameshapoa na koili imeshajiwasha.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kuwa tunatumia maji mengi. Naomba jibu hilo lisirudiwe. Wakati wa Pasaka familia ilivuka kwenda Ukerewe, nikabaki peke yangu na sikufungua bomba la moto kabisa. Maji yalipoa vilevile.

Nimemwita fundi mwingine, na tatizo halikumchukua muda kuliona. Hita hii haina pampu. Maji yakipata moto kwenye paneli huwa mepesi, hupanda tenkini, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Ndiyo maana tenki hukaa juu ya paneli, kitako chake kikiwa kama sentimita 30 juu ya ukingo wa paneli. La kwangu limelazwa sambamba nayo! Usiku mzunguko unageuka: maji ya moto yanarudi kwenye paneli, nayo inayapoza kwa kutoa joto angani. Saa nne usiku nilipanda ngazi nikashika bomba la paneli. Lilikuwa na joto la kikombe cha chai, na jua lilikuwa limezama zamani.

Bomba linaloshuka bafuni nalo limeachwa wazi, bila hata kipande cha sponji, likipigwa na upepo wa usiku wa milima hii. Kwenye ankara yenu kuna mstari wa "kuzuia upotevu wa joto", na hela yake mmeshapokea.

Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunakula takriban uniti 6. Koili ikifanya nusu tu ya kazi hiyo kila alfajiri, kwa mwezi ni uniti 90, zaidi ya zile 75 ambazo mteja mdogo wa TANESCO hununua kwa bei nafuu. Nilinunua sola ili nipunguze LUKU, jamani.

Ninachotaka ni tenki liinuliwe kwenye stendi imara, kwani maji peke yake ni kilo 150, na mabomba yote ya moto yavikwe sponji, ya nje yafunikwe yasiliwe na jua. Msiniletee vali ya kuzuia maji kurudi kama njia ya mkato. Hukwama kwa uchafu, na mchana hupunguza kasi ya mzunguko. Thamostati nayo ishushwe kutoka nyuzi 75 hadi 60.

Nawapa siku 14. Zikipita bila kazi kufanyika, nitadai fedha zangu na kupeleka shauri Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha ankara yenu, picha za paa na risiti za LUKU.

Mteja wenu,
Isamilo, Mwanza.